Sanduku la Anko: kisa kimoja cha kuhifadhi historia yetu hapa Nairobi

Wacha nianze na ngazi. Machi 2023, Umoja, ghorofa ya tatu, landilodi amesimama kwa ngazi na kalamu sikioni anasema mpaka Jumamosi nyumba iwe tupu kwa sababu kuna mtu ameshalipa dipoziti. Aliyekuwa anaishi hapo, sisi wote tukimuita Anko, alikuwa siku ya nne mochari. Familia yake ilikuwa njiani kutoka Western kuja kuchukua mwili. Na mwenzake wa miaka 19, ambaye sisi tunamuita shemeji na majirani wa ploti wanamjua tu kama "yule ndugu yake", akanipigia saa tatu usiku: kuja na boda, kuna sanduku.

Tukaenda, tukabeba. Lilikuwa sanduku la bati, lile la bodingi, lina kufuli ndogo ya njano. Mwenye boda akauliza kama ni la mwanafunzi, tukasema ndio, fomu wani aliyechelewa kuripoti. Hapo ndio kosa la kwanza, kubeba mali ya marehemu bila kuuliza wenyewe, na nitalirudia huko chini kwa sababu wengi wanaofanya hii kazi wanafanya hilo hilo alafu wanaliita ushujaa.

Sisi ni watu sita. Hatuna ofisi. Tunakusanya karatasi, picha, tishati, kaseti na sauti za watu wetu wa Nairobi, mashoga, wasagaji, transi, makuchu, ita vile unataka, kabla vitu havijaishia kwa moto ama kwa mtu wa chupa na karatasi kuukuu. Jina la kikundi siandiki. Mtaa nimebadilisha na vitu vingine vidogo pia, kwa hivyo usianze kutafuta ngazi.

Kuelewa kwa nini shemeji alipiga simu usiku lazima ukumbuke hiyo miezi ilikuwaje. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba serikali ilikosea kukataa kusajili NGLHRC, shirika la haki za watu wetu, eti kwa sababu jina lina neno geyi na lesibiani. Kesi ya Eric Gitari hiyo, ilishinda Mahakama Kuu 2015, ikashinda Mahakama ya Rufaa 2019, na sasa juu kabisa. Ungedhani watu watacheza ngoma. Kumbe ndio miezi tuliharibu vitu vingi kuliko miaka kumi iliyotangulia! Kila mimbari, kila redio, kila meza ya nyama choma ilikuwa ni sisi, mbunge Peter Kaluma akaja na mswada wake wa kulinda familia, Uganda hapo jirani wakapitisha sheria yao ya kupinga ushoga na Museveni akaweka sahihi Mei. Watu wakasafisha simu. Kuna binti namjua alichoma picha za miaka kumi kwa jiko la makaa, na alizichoma moja moja, jioni tatu mfululizo, kwa sababu ukizichoma pamoja zinatoa moshi wa plastiki na majirani watauliza unapika nini. Hilo jiko bado analo, anapikia chai.

Kwa hivyo shemeji hakuwa anatupatia zawadi. Alikuwa anatoa vitu mahali ndugu za marehemu wangevipata.

Sasa ndani ya sanduku. Juu kulikuwa na nguo, alafu gazeti, alafu vitu vyenyewe. Albamu mbili za gundi, zile za karatasi ya plastiki juu, zilizokuwa kwa kila nyumba ya Nairobi miaka ya tisini na ambazo ni adui wa picha kwa sababu gundi inakula karatasi kutoka nyuma. Beji ya Kongamano la Kijamii la Dunia la Januari 2007 pale Kasarani. Wale walikuwepo wanakumbuka kulikuwa na hema la watu wetu, mchana kweupe, na watu wa kanisa wakaingia kubishana na wakapewa kiti. Vipande vya magazeti: Oktoba 2009 wale Wakenya wawili waliooana London na nchi ikashika moto, Februari 2010 fujo za Mtwapa huko pwani, umati ukiwasaka mashoga. Makala ya mwandishi Binyavanga Wainaina ya Januari 2014, ile ya kujitangaza kuwa shoga, Anko alikuwa ameiprinti saiba, akaibandika nyuma ya kalenda ya kanisa, yaani ukiingia kwake ilikuwa inaning'inia ukutani na ulichoona ni mtakatifu fulani na siku za mwezi. Kaseti nne bila lebo. Risiti za zile karatasi laini za mashine, tupu kabisa, maandishi yameyeyuka, hizo hata ufanye nini hazirudi.

Na kaunta buku.

Hii nataka kukaa nayo kidogo. Kaunta buku ya kawaida, ngumu, jalada jeusi na mgongo mwekundu, imeanza 1997 na inaisha 2013. Ni daftari la chama. Safu nne: tarehe, jina, pesa, sababu. Majina yote ya utani: Karani, Toto, Mama Safi, Dereva wa 58, Bibi wa Posta. Pesa ni ishirini, hamsini, mia. Safu ya sababu ndio ilitufanya tunyamaze mezani.

Agosti 1998 imeandikwa "bomu, mguu wa Karani", alafu mstari baada ya mstari, 50, 50, 100, 20, 50. Ni lile bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7, lililoua zaidi ya watu 200 hapa mjini. Karani alikuwa anafanya kazi jengo la karibu. Miaka 1999, 2000, 2001, neno linalorudi ni "matanga". Jeneza. Nauli ya kwenda Kisii watu wanne. Gari ya mwili. Sanda. Moi alitangaza ukimwi janga la kitaifa Novemba 1999, na ukisoma hizo kurasa unaona chama cha watu pengine ishirini kinazika, kinapumua, kinazika. Kuna mwezi mmoja matanga matatu na chini Anko ameandika tu "hakuna baki". Dawa zilipofanywa bure hospitali za serikali 2006, neno matanga linaanza kupotea pole pole na yanakuja maneno mengine: rent, fizi ya mtoto wa fulani, na "kumtoa ndani", yaani kumtoa mtu seli. Sisemi daftari moja ni ushahidi wa nchi nzima, usinielewe vibaya. Lakini mtu akiniambia haya mambo yaliletwa na enjio na pesa za wazungu nitamuonyesha Toto akitoa shilingi ishirini mwaka wa 1997 ya kununulia mtu maziwa.

Januari na Februari 2008 kurasa ni tupu. Unajua kwa nini, zilikuwa ghasia za baada ya uchaguzi, sote tulikuwa tumejifungia. Machi inaanza tena na "unga" mara tano.

Alafu kuna kitu ambacho mimi sikukiona, kimeonwa na mwenzetu mmoja mhasibu. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mpaka hapo daftari halina jina la mtu hata moja la kweli, ukilipata barabarani hujui ni nani. Kuanzia 2009 wanachama wanaanza kutuma kwa simu, na Anko, mtu makini, ananakili meseji vile ilivyo: namba ya muamala, kiasi, na jina. Jina la kitambulisho. Majina matatu. Wakati mwingine na nambari ya simu. Yaani teknolojia ile ile iliyorahisisha mchango ndiyo iliyovua kila mtu nguo kwa daftari. Nusu ya kwanza ya kaunta buku naweza kuiweka maonyesho kesho asubuhi, nusu ya pili siwezi kuifungua nikiwa na mgeni kwa nyumba, na ni daftari moja, mkono mmoja, wino ule ule wa bluu.

Watu huku wanapenda kufikiria hatari iko kwa picha. Picha ni nusu. Hatari iko pale picha na jina vinapokutana.

Na hilo nililijua kwa kichwa, bado nikalifanya kwa mikono. Kosa la pili ni langu mwenyewe. Skana ilikuwa kwa mtu Rongai, mimi sina subira, nikaanza kupiga albamu na simu yangu. Kutoa picha kwa albamu za gundi usivute, unapitisha uzi wa meno chini yake kama unakata ugali, unaenda polepole kona kwa kona, na ikikataa unaiacha unaipiga na ukurasa wake. Nilitoa kama sitini usiku mmoja, najisifu. Asubuhi mtoto wa dada yangu akanijia na tableti ya nyumbani. "Anti, hawa ni kina nani?" Simu ilikuwa imepandisha kila kitu juu kwa akaunti, akaunti iko wazi kwa tableti, na ile programu ya picha ilikuwa imeshapanga nyuso, imekata uso wa Anko kwa duara na inaniuliza kwa heshima kabisa, huyu ni nani, ongeza jina. Mashine ilifanya kwa usiku mmoja kazi ambayo polisi wangehitaji mwaka mzima kuifanya.

Ungedhani nilijifunza. Wiki mbili baadaye nikatuma picha moja, moja tu, kwa grupu yetu ya wasapu yenye watu arobaini, nikauliza nani anawajua hawa. Ilikuwa picha nzuri manze, watu saba kwa ukuta wa maua, mavazi ya Jumapili, mmoja ameinua glasi. Jioni nikapigiwa simu na mzee nisiyemjua. Sasa ni mzee wa kanisa na ana wajukuu. Hakupiga kelele. Aliniuliza nimepata wapi hiyo picha, nikamwambia, nikaanza kumweleza mambo ya historia na vizazi vijavyo, akaniacha nimalize, alafu akasema, "Mama, mimi si historia yako." Akakata.

Nikafuta. Lakini kufuta kwa simu yangu na kufuta kwa simu arobaini si kitu kimoja. Kila mtu aliapa amefuta. Mimi pia ningeapa.

Kwa wale wanaona tunaogopa kivuli, kumbukeni Kampala Oktoba 2010, gazeti moja la mtaani lilichapisha picha na majina ya watu na anwani, na maneno ya kunyonga juu yake. David Kato, mwanaharakati wa huko, alikuwa kwa hiyo orodha, akashinda kesi mahakamani dhidi ya gazeti Januari 2011, na mwezi huo huo akauawa kwake. Orodha ikishaandikwa haijui iliandikwa kwa nia njema ama mbaya. Na hapa kwetu kwa sheria ya adhabu, kwa kitendo cha ngono, kifungu cha 162 bado kina miaka 14 na cha 165 miaka 5, urithi wa mkoloni, Mahakama Kuu ilivikubali vibaki tarehe 24 Mei 2019. Ndio, sheria inashtaki kitendo si karatasi, kuwa na picha za watu saba kwa ukuta wa maua si kosa lolote. Nenda ueleze hivyo kwa landilodi.

Kwa hivyo tukabadilisha. Kila kitu kina nambari, imeandikwa nyuma kwa penseli laini, kwa pembe, bila kukandamiza. Biro hapana, inatokea upande wa pili. Nambari na maelezo viko kwa mtu mmoja. Nambari na majina viko kwa mwingine, daftari la karatasi, halijawahi kuguswa na kompyuta, na hao wawili hawajui kila mmoja anaweka wapi. Skani sasa ni kwa laptopu isiyo na intaneti, nakala tatu, mbili kwa hadidiski zilizofungwa kwa paswadi na moja iko nje ya Nairobi. Na picha hazitumwi tena kwa mtu. Tunaprinti kopi nyeusi na nyeupe, tunaibeba kwa bahasha, tunaenda kumuona mtu mmoja, tunakunywa chai, anaangalia, tunarudi nayo. Yeye ndiye anasema: andika jina langu, ama andika la utani tu, ama funika uso, ama nitoe kabisa. Wengine wanasema nitafikiria, na hiyo ni hapana mpaka wakisema vingine. Inachosha. Mwaka mzima tumepata watu kumi na moja. Yule mzee wa kanisa uso wake tumeufunika kwa nakala zote na ya asili iko kwa bahasha iliyofungwa kwa gundi, na nambari yake imepigwa mstari.

Ah, na wadudu. Kuna wale wadogo wa rangi ya fedha wanaokula gundi na karatasi, sanduku lilikuwa nao kama familia. Usipulizie dawa, utaharibu. Tulifunga karatasi na madaftari kwa mifuko miwili ya plastiki, tukatoa hewa, tukaziweka kwa friza ya mama mmoja anauza samaki, wiki mbili, baridi ya mwisho kabisa. Ukitoa usifungue mfuko siku hiyo, acha ipate joto ya nyumba kwanza la sivyo unyevu wa hewa unageuka maji kwa karatasi. Kaseti hatukuweka. Historia ya mashoga wa Eastlands ilikaa siku kumi na nne chini ya mbuta na hakuna mteja alijua.

Sasa dada yake Anko.

Alikuja miezi miwili baada ya mazishi. Alipata namba yangu kwa shemeji, ambaye alimpa baada ya kupigiwa simu nyingi. Alitaka sanduku. Na hapa ndio wakili rafiki yetu alitukalisha chini akatusomea kifungu cha 45 cha sheria ya urithi, kwamba mtu akifa hakuna anayeruhusiwa kugusa mali yake mpaka utaratibu wa mahakama, faini mpaka elfu kumi ama jela mpaka mwaka mmoja ama zote mbili. Mwenzake wa miaka 19 kwa macho ya sheria ni rafiki tu. Sisi ni wezi wenye nia nzuri. Mmoja wetu akasema tumwambie sanduku lilipotea. Tulibishana usiku mzima na nakubali kulikuwa na saa moja hivi ambapo mimi pia nilikuwa upande wa lilipotea, kwa sababu picha yetu ya familia ni moja, ndugu kwa geti na petroli.

Tukakutana naye kwa mkahawa mjini, karibu na jengo la Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, lile lililokuwa benki zamani. Mwalimu wa praimari, mkoba mkubwa, aliagiza chai na mandazi akawekea mandazi moja kwa kitambaa ya njiani. Hakuuliza kaka yake alikuwa nani. Alisema kuna karatasi ya ploti, aloti leta, ambayo Anko alimwambia iko kwa sanduku, na bila hiyo mama yao ataondolewa kwa kile kishamba.

Ilikuwepo. Ndani ya jalada la nyuma la albamu ya pili, chini ya kadibodi. Tulikuwa na hilo sanduku miezi miwili, tumeskani, tumehesabu, tumegandisha, na mama wa miaka themanini na kitu anasumbuliwa na majirani juu ya mpaka kwa sababu sisi tulikuwa tunaokoa historia. Nilitamani sakafu ipasuke.

Tukampa hiyo karatasi, tukampa picha za familia, tukampa saa na kitambulisho. Tukamwambia kuna vitu vingine ni vya marafiki zake, tungependa kubaki navyo lakini ni haki yenu kusema hapana. Alikaa kimya, akageuza kikombe. Alafu akasema mambo matatu, na nayaandika kwa mpangilio wake. Kwamba hayo mengine hataki kuyaona. Kwamba tusiyachome. Na kwamba jina la kaka yake lisitokee popote mpaka mama aende. Yeye na ndugu zake waliokuwa na haki ya kusimamia mali wakatuandikia karatasi, wakili akaiandaa, ukurasa mmoja, kwamba vitu hivyo wametupatia tuvitunze kwa hilo sharti. Mpaka leo ndio hati pekee safi tuliyonayo, zingine zote ni maneno ya mdomo.

Hapo ningemaliza kama si shemeji.

Shemeji aliposikia sharti alikasirika vibaya sana. Mazishi alienda, alikaa nyuma ya hema la pili, kwa programu ya mazishi aliandikwa "mfanyakazi mwenzake", na hawajawahi kufanya kazi pamoja. Hiyo programu pia tunayo kwa mkusanyiko, aliikunja akatuletea yeye mwenyewe: wasifu ukurasa mmoja, "marehemu hakujaliwa kuoa", hoja imefungwa. Akatuambia, nimefichwa miaka 19 kwa ploti, nikafichwa kwa kaburi, sasa na nyinyi mnanificha kwa sanduku? Hakuna aliyekuwa na jibu. Mmoja wetu akaanza mambo ya sheria ya kulinda data ya 2019, kwamba mwelekeo wa kimapenzi wa mtu ni taarifa nyeti, akanyamazishwa na macho tu. Na kusema ukweli hiyo sheria ni ya kumlinda mtu kama yule mzee wa kanisa, haikutungwa kumfunga shemeji mdomo.

Tulichofanya, na bado sijui kama kinatosha, ni kutenganisha hadithi mbili. Jina la Anko ni la sharti la dada. Jina la shemeji ni la shemeji. Tukaketi naye Jumamosi nne na rekoda, sauti kwa faili kubwa isiyobanwa, akajitambulisha kwa majina yake yote matatu, mara ya kwanza alirudia mara mbili kama mtu anajaribu kiatu. Akaeleza walikutana wapi, nani alikuwa anapika, waligombana juu ya nini (redio, kila mara redio), vile Anko aliandika daftari Ijumaa usiku na hataki mtu aongee. Anamuita "mwenzangu" mwanzo hadi mwisho. Ukisikiliza hujui jina la Anko na unamjua mtu mzima. Akafungua pia zile kaseti, tatu ni mahubiri na moja ni wao wenyewe, sherehe, mtu anasoma hesabu ya chama kwa sauti ya mtangazaji wa kandanda na watu wanashangilia kila shilingi ishirini.

Mambo ya kupeleka wapi bado tunabishana. Kuna wanaotaka GALA, hifadhi ya nyaraka za watu wetu kule Johannesburg, ambao wako tangu 1997 na wana stoo yenye hewa safi, na kuna nchi ambayo katiba yake haitakimbiza karatasi zako. Hoja yao ina nguvu. Mimi nakataa, lakini kukataa kwangu ni kwa moyo zaidi: sitaki Karani na mguu wake waombewe viza. Wale akina mama wa New York walioanzisha nyaraka za wasagaji 1974 walianzia kwa nyumba ya mmoja wao na zikakaa humo miaka mingi, kwa hivyo nyumba ya mtu si aibu. Wengine wanasema tufanye kama Nest, kikundi cha wasanii wa hapa Nairobi, waliokusanya visa vya watu kote nchini bila majina kisha 2014 wakatoa filamu, bodi ya filamu ikaipiga marufuku hapa ikizunguka dunia huko nje. Ni njia nzuri kwa visa. Kwa karatasi haifanyi, karatasi imekuja na majina yake tayari. Na Nyaraka za Taifa, pale pale tulipokunywa chai, siku moja labda, lakini kwa faili za serikali watu wetu wanaingia kama washtakiwa, na sitaki Mama Safi akae rafu moja na hati ya mashtaka.

Kwa sasa daftari limekatwa mara mbili, si kwa makasi. Nusu ya 1997 hadi 2008 iko wazi kwa mtu yeyote wetu anayetaka kuja kusoma, unanawa mikono, unakausha, glavu si lazima. Nusu ya pili iko kwa boksi la kadibodi isiyo na asidi ambalo tulipewa na mtu wa makumbusho aliyekuwa anastaafu, na juu yake hatujaandika mwaka wa kufunguliwa kama wanavyofanya wataalamu. Tumeandika "mama wa shags".

Kila Desemba napigia yule mwalimu simu ya krismasi. Mama hajambo. Mwaka jana alikuwa analalamika goti na bei ya mbolea, ploti alishinda, ameipanda ndizi. Nikamwambia ampe salamu. Akauliza niseme zimetoka kwa nani, nikasema kwa marafiki wa Nairobi, akasema sawa, atajua.